Nilifungua Barua ya Daktari wa Mama

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada kwa jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote: nilifungua bahasha isiyo yangu, nikaibandua gundi kwa mvuke wa makande jikoni hapa shuleni, na leo ni siku ya tisa sijaifikisha. Mama alipewa barua hiyo katika hospitali ya rufaa, akanikabidhi stendi ya Same kwa kuwa gari la kwetu Chome, mlimani, lilikuwa linaondoka, akasema, "Wema, mpelekee daktari wa hapa leo leo," nami nikaitika, lakini nilitaka mno kujua kwa nini vidole vinamvimba, nywele zinamtoka na uso una wekundu, maana majirani wanasema karogwa na watu watatu, kila maumivu na mchawi wake, na barua ikanijibu! Ni ugonjwa mmoja! Kingamwili, askari wa damu wanaopigana na vijidudu, zimeugeukia mwili wake mwenyewe, tena madaktari wamekuta aina tatu, kila moja na shabaha yake ndani ya seli, na kitabu cha biolojia cha mwalimu Asheri kinasema wagonjwa wawili wa ugonjwa huohuo wanaweza kuwa na aina tofauti, nilirukaruka bwenini peke yangu, nimenakili yote, hata mwisho kwamba mkojo una protini na figo zitibiwe mapema. Ila bahasha imekunjamana na inanuka maharage. Nifanye nini?

Wema, kidato cha tatu

Marahaba, Wema. Nakujibu kwa posta leo, gazeti litasubiri. Akili unayo, na hata mimi nimejifunza. Lakini isome tena barua yako: kingamwili umezimwagia wino, figo za mama yako umezipa nusu mstari. "Mapema" maana yake nini, binti? Daktari hakukuandikia wewe notisi. Unaogopa harufu ya maharage! Ipeleke ilivyo, usiigundishe upya, useme, "Nilifungua mimi." Kisha panda mlimani ukamwambie mama mwenyewe. Anza na samahani, kingamwili baadaye.

Wema ametuandikia tena:

Jibu lilifika Jumanne. Niliomba ruhusa kwa matroni, nikaenda. Daktari aliisoma akiwa amesimama. "Nani kaifungua?" Nikasema ni mimi. "Umetuchelewesha. Mlete kesho." Nilipanda gari la Chome, nikamkuta mama anapukuchua mahindi kwa viganja. Nilimwomba samahani, nikamweleza yote yaliyomo katika barua, kingamwili na figo. Kisha akauliza, "Aina ngapi, umesema?"

"Tatu, mama."

"Na zote zangu mwenyewe?"

"Zako mwenyewe."

Akacheka, akasema, "Haya, kanifungie nguo." Nilifunga kanga mbili na sweta. Alfajiri tuliteremka, na saa nne alikuwa amelazwa, ameanza dawa.