Swali la Tisa Sikuwauliza Wazee

Mwalimu,

Uliniuliza mara moja tu, nami nikakudanganya. Tulikuwa kwenye kile chumba cha madaktari nyuma ya wodi, umeshika kikombe cha chai ya rangi, fomu zimetandazwa mezani. Ukapitisha kidole kwenye swali la tisa, fomu baada ya fomu, ukasema, "Wazee wote hawa hakuna hata mmoja aliyesumbuka? Umewauliza kweli, au umewaonea haya?" Nikajibu, "Nimewauliza, Mwalimu." Ukaniangalia kidogo, halafu ukafurahi. Furaha yako ile ndiyo inayonitesa mpaka leo.

Leo ni Jumatano. Kesho saa tatu asubuhi nasimama mbele ya jopo kutetea tasnifu yangu ya udaktari bingwa. Jina lako liko ukurasa wa kwanza kama msimamizi, na pembeni yake katibu ameongeza neno "marehemu". Wanataka nakala ya mwisho kabla ya saa kumi jioni. Nina nakala mbili kwenye kompyuta, moja ina matokeo ya swali la tisa na nyingine haina. Sasa hivi ni saa saba na nusu, na badala ya kutuma nakuandikia wewe.

Tangu tukuzike kihambani, kwenye migomba yenu Machame, masika yale, tope mpaka magotini, mambo mengi yamebadilika. Chumba chako amepewa mwingine. Kile kiti chako kilichokuwa kinalia ukigeuka, wamekitoa. Lakini sentensi yako ipo. Wameichapa kwenye bango la kliniki, kwa herufi kubwa: mwanaume akielezwa mapema, hasumbuki baada ya upasuaji wa tezi dume. Kila asubuhi napita mbele yake nikiangalia chini.

Ni sentensi nzuri, na huenda ni ya kweli. Shida ni kwamba wale wazee hawakuelezwa.

Unakumbuka tulivyokuwa tunafanya. Wewe Mchaga, Kimaa chako kiliishia kwenye salamu, kwa hiyo wale wazee wetu wa Kiarusha wasiokipenda Kiswahili mimi ndiye niliyewatafsiria. Ulikuwa unakaa nao bila haraka. Ulikuwa unawaeleza kwamba tezi itapunguzwa, kwamba watakaa na mpira wa mkojo siku kadhaa, na kwamba wakirudi kwa wake zao watashangaa, kwa sababu mbegu hazitatoka nje kama zamani. Zitarudi kwenye kibofu na kutoka na mkojo. Si ugonjwa, ulisema, na wala raha haipotei. "Waambie wasije wakaogopa." Mimi nikageuka na kuwaambia kwa Kimaa, "Daktari anasema mtapona vizuri, muwe na subira." Maelezo yako ya dakika tano niliyamaliza kwa nusu dakika. Ukacheka ukasema Kimaa kumbe ni lugha fupi namna hii. Nami nikacheka.

Sababu unaijua, ila acha niiseme. Kwetu mtu wa rika la baba yangu ni baba yangu. Simpiti bila kumsalimia, sikai naye nikaropoka, sembuse kumweleza habari za chumbani kwake. Nilijaribu mara ya kwanza, Mwalimu, naapa. Nikafungua mdomo, yule mzee akaniangalia usoni, nikaishia kumwambia awe na subira. Mwaka ulipopita na ikafika zamu ya kuwahoji, niliwauliza yote ya mkojo, wanaamka mara ngapi, unatoka kwa nguvu au unadondoka. Nikifika swali la tisa, lile la kama kuna kilichowasumbua katika tendo la ndoa, najiwekea alama ya hapana mwenyewe, nakunja karatasi, naaga. Nikajidanganya kwamba hiyo ni heshima.

Wiki tatu zilizopita alikuja mzee mmoja kujiandikisha kwa upasuaji. Huyu alijua Kiswahili, na akauliza kwa sauti ya chini, "Na nyumbani kwangu itakuwaje?" Muuguzi akamwonyesha bango, akamwambia, "Wenzako wote walikaa vizuri, baba, hakuna aliyelalamika." Mzee akaweka dole gumba lake kwenye fomu. Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, nimeshika faili lake. Nilinyamaza. Nimewahi kuogopa mambo mengi kwenye kazi hii, damu isiyokatika, mgonjwa asiyeamka, lakini sijawahi kujiogopa kama dakika ile.

Kesho yake niliomba ruhusa, nikachukua bodaboda mpaka Sambasha kwa Mzee Loserian. Yeye ndiye fomu ya kwanza. Utamkumbuka, yule mrefu aliyekuletea kibuyu cha maziwa wodini na wewe tumbo likakuharibikia. Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe. Nikamsalimia, tukaongea habari za mvua, za mahindi, za ndama aliyevunjika mguu. Nilizunguka kama saa nzima. Mwishowe nikaangalia viatu vyangu, nikamwuliza.

Aliweka panga chini. Akaniambia, "Nilikusubiri uniulize siku ile. Uliniuliza mkojo, mkojo, mkojo, halafu ukakunja karatasi ukaondoka." Akanieleza kwamba mara ya kwanza baada ya kupona hakikutoka kitu. Akafikiri tumemharibu, kwamba mwili wake umefungwa kabisa. Hakumwambia mtu. Akahamishia kitanda chake kwenye kibanda cha ndama, akamwambia mkewe anawalinda na fisi. Fisi gani Sambasha, Mwalimu? Mkewe naye akadhani ameshachokwa. Mwaka mzima na zaidi wanapishana uani kama wapangaji.

Nikamweleza pale pale, yale maneno yako yote, bila kuruka hata moja. Kumbe yanasemeka kwa Kimaa. Akaokota panga, akalifuta majani. Halafu akasema, bila hasira, na heri angenipiga: "Ulipotahiriwa tulikwambia kila kitu, hatukukuonea haya. Wewe umerudi na kalamu, ukatuonea haya sisi."

Nilishuka Sambasha kwa miguu kipande kirefu, nalia kama mtoto, watu wananisalimia barabarani nami najifanya nina mafua.

Yule mzee wa dole gumba nilimfuata wodini kabla hajaingia chumba cha upasuaji. Nilimweleza yote nimekaa pembeni mwa kitanda chake. Akaniuliza kama inauma. Nikasema haiumi. Akasema, "Basi." Ni hivyo tu, Mwalimu.

Juzi nilikwenda Moshono kwa mama, mkeo. Hiyo ndiyo safari niliyoiogopa kuliko jopo. Ameshashona kitenge cha kuvaa kesho, ametuma ujumbe kwa watoto wenu wote kwamba kazi ya mwisho ya baba yao inasomwa. Nilimwambia sebuleni, chini ya picha yako. Nilimwambia kwamba kesho nikisema ukweli, kuna watakaosema Dokta Elifuraha alisimamia uongo na hakujua, na wengine watasema alijua. Aliendelea kukunja kile kitenge, akakikunja tena na tena. Akasema, "Angekuwepo angekufokea mpaka basi, halafu angekurudisha kwa wazee." Baadaye akaniuliza, "Na wake zao? Mlimpa nani kazi ya kuwauliza?" Hatukuwa na fomu yao. Wewe na ujuzi wako wote, nami na shule yangu yote, hatukuwafikiria. Mama alitikisa kichwa. Akasema kesho atakuja, na atakaa mbele.

Nimekukasirikia pia, lazima nikwambie. Ulijua jinsi nilivyolelewa. Ulipoona hapana zinafuatana vile, mbona ulinikubalia haraka? Ungenibana kidogo tu ningesema. Kisha nakumbuka jinsi ulivyoniamini kwenye upasuaji, ulivyonikabidhi chombo kwa mara ya kwanza ukarudi nyuma hatua mbili ukafunga mikono, na hasira yenyewe inaniisha. Uliniamini, basi. Kosa ni langu.

Saa tisa na dakika arobaini. Nimetuma ile isiyo na matokeo ya swali la tisa, pamoja na barua ya ukurasa mmoja inayosema nilichofanya, kwa jina langu peke yangu. Katibu amepiga simu papo hapo. Amesema mwenyekiti ameisoma, na kwamba kesho nije vile vile, nijieleze mbele ya watu wote. Wanaweza kunirudisha mwaka, wanaweza kunifuta kabisa. Lakini tangu nibonyeze kile kitufe napumua.

Kuna fomu moja sijakutajia. Ulisema baba yangu mzazi, ambaye naye ulimpasua wewe, atafsiriwe na kuhojiwa na mtu mwingine, si mimi. Nikakwambia tayari, muuguzi ameshafanya. Hakuna aliyefanya. Ile ya baba niliijaza nimekaa kwenye ngazi za maabara, hapana, hapana, hapana, bila hata kumpigia simu. Krismasi iliyopita mama yangu aliniambia baba amehamia chumba cha nyuma kwa sababu siku hizi anakoroma sana. Nilicheka, nikasema hata mimi ningemkimbia. Mama hakucheka.

Kwaheri, Mwalimu wangu. Pumzika kwenye migomba yenu, umetuhangaikia vya kutosha. Nakuahidi wazee wote nitawapitia mmoja mmoja, na wake zao nitawatafutia mwanamke wa kuwasikiliza. Na keshokutwa Ijumaa, jopo likinipitisha au likinifukuza, nitapanda nyumbani, nitamsalimia baba, nitavuta kigoda nikae karibu naye, na nitamwuliza.

Mwanafunzi wako,
Lomnyaki