Lumbesa ya Komoro

Jumanne, na mvua haijakata tangu asubuhi. Duka nimefungua, lakini akili haipo. Mteja kaomba chumvi, nikampa sukari. Kaniangalia usoni, akairudisha.

Meli imeondoka. Mchele wetu umebaki bandarini.

Naandika hapa kwa sababu nikinyamaza nitapasuka. Kwa wasiojua: wafanyabiashara wa Komoro na wenzao wa Ushelisheli waliungana mwaka huu ili wanunue chakula kwa pamoja. Kila kisiwa peke yake ni mteja mdogo, hakuna meli ya kumhangaikia. Wakiungana, meli moja inazunguka kwao wote. Wakakubaliana kipimo kimoja na gunia la aina moja. Mimi, mtoto wa duka wa Mpanda ambaye bahari naijua kwenye kalenda tu, nikajitwika kuwatafutia mchele. Nikaenda Mwamkulu, kwenye kikundi cha wakulima wa mpunga cha Mama Kulwa, nikawaambia akina mama msimu huu wasimuuzie dalali. Alipokuja na lori lake walimrudisha mikono mitupu. Walicheka sana siku ile.

Kipimo niliwaeleza. Kilo hamsini, mdomo wa gunia ushonwe bapa. Wakaitikia wote, nami nikarudi dukani nikawaachia kazi.

Jana Rashidi, wakala wetu bandarini, akapiga simu. Magunia yamevimba. Kila moja lina uzito wake na hakuna linalolingana na karatasi. Wakaguzi wakataka yote yafunguliwe na kupimwa upya, na meli haikuwa na muda huo. Mnunuzi wetu wa Moroni, mzee mpole sana, akanitumia ujumbe wa sauti: "Dada, wallahi mchele ni mzuri. Lakini tumeahidiana na wenzetu. Nikipokea mimi gunia lisilo na kipimo, na Ushelisheli wakapokea lao, tutagawana vipi?"

Nilitamani kumlaumu, nikakosa pa kuanzia.

Leo mchana nikapanda bodaboda kwenda Mwamkulu. Ilinasa kwenye tope, tukasukuma. Akina mama nikawakuta nyumbani kwa Mama Kulwa wananisubiri, na wamenipikia wali na kuku. Mtu uliyekuja kumvunja moyo akikupakulia paja la kuku, unaanza na neno gani?

Nimewaambia. Hakuna aliyelia, na afadhali wangelia. Mama Kulwa alifuta mikono kwenye kitenge chake taratibu.

"Tuliongeza sisi," akasema. "Tulisema hawa watu wa visiwani hawana mashamba kama sie, wanakula cha kununua. Tukawashindilia. Sasa mwanangu, mtu unamuongezea halafu anakataa?"

 

Hawa ndio akina mama ambao dalali amewadai lumbesa miaka yote, kile kichwa cha juu ya gunia ambacho hakilipwi. Wamekilaani kila msimu. Safari hii hakuna aliyewalazimisha. Walikiweka wenyewe, kwa huruma, na ndicho kilichotumaliza.

Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Visiwa vilivyotenganishwa na bahari nzima vimeelewana juu ya gunia, na mimi na Mwamkulu, tunaotenganishwa na barabara ya tope, tumeshindwa. Dalali keshasikia. Ameshapiga simu kuulizia, na sasa bei anaitaja yeye. Nimemwandikia mzee wa Moroni kumwomba nafasi kwenye safari ijayo. Ujumbe ameusoma, jibu hakuna. Wenzake watamuuliza kwa nini awarudie watu wa Mpanda, na nikijiweka mahali pao nami naona ningeuliza hivyo hivyo.

Nilipoaga, Mama Kulwa alinifungia mchele wa kwenda nao nyumbani. Nikamwambia sado moja, ile ndoo ndogo ya kupimia, inatosha. Akaijaza, akaitikisa, akashindilia, kisha akaongeza konzi mbili juu mpaka ukaanza kumwagika chini. Alikuwa haniangalii mimi, anaangalia mchele. Nami nilisimama pale, baada ya yote niliyotoka kumweleza, nikashindwa kumwambia aache.

Mfuko upo hapa juu ya kaunta, sijaugusa. Safari nyingine ikipatikana, nani ataushika mkono ule usiongeze?