Samurai Elfu Nne na Kola Zao

Alhamisi, 27 Februari

Leo nimeshindwa pambano moja, nikashinda jingine. Nililoshindwa ni la pinde. Mkubwa wa studio hataki kusikia kwamba samurai wa zama hizo alikuwa mpiga mishale kwanza, upanga baadaye. Eti watu wananunua gemu la vita ili waone mapanga, siyo vijiti na kamba. Haya. Gemu lake, studio yake.

Nililoshinda ni tamu zaidi! Kwenye mchoro wa jeshi, kila askari alikuwa kaning'iniza upanga kiunoni kulia na podo la mishale kushoto. Kinyume kabisa. Mtu atachomoa vipi upanga mrefu wa kulia kwa mkono uleule wa kulia — avunje bega? Nikamwendea Mchoraji. Nikamwambia: geuza. Akanitazama, akafungua mdomo, akaufunga. Kisha: "Nigeuze mchoro mzima?" Mzima! Kulia kuwe kushoto, kubonyeza mara moja tu. Vitu viwili vikanyooka kwa mpigo. Nikasaini fomu ya ukaguzi palepale, nimesimama.

Miaka sita nimewacheka watengeneza gemu kwenye ukurasa wangu wa mtandaoni. Kofia za chuma za karne isiyo yake. Deraya za bati tupu badala ya vibamba vilivyofumwa kwa kamba za hariri. Mpaka watu wakanibandika jina: Bwana Kosa. Sasa nalipwa kwa udaku uleule. Gemu linatoka Ijumaa ijayo. Usingizi umenipaa, lakini ndivyo nilivyo kila kazi inapokaribia kuisha.

Jumatatu, 3 Machi

Dada kaanza karate. Nesi wa miaka arobaini na nne, kisa mgongo! Jioni kaingia bado na sare yake nyeupe ya karate, amefura. Mwalimu kamsimamisha mbele ya darasa zima.

"Eti nimevaa kama maiti! Upande wa kushoto ndio unakaa juu. Ukilaza wa kulia juu, ndivyo kwao wanavyomvisha marehemu. Wewe mdogo wangu si ndiye bingwa wa mambo ya Wajapani? Umeniona natoka hapa, umekaa kimya!"

Nikacheka sana. Nikamwambia hilo kila mtu analijua.

Halafu kicheko kikanikwama. Askari wetu ana vazi chini ya deraya. Kola yake inaonekana shingoni. Mchoraji alikuwa ameipatia — kushoto juu ya kulia, sawasawa. Kisha tukageuza. Kisha *nikageuza*.

Nimefungua kompyuta. Nikamkuza mmoja mpaka shingo ikajaa skrini. Maiti. Wa pili, maiti. Majemadari sitini, askari elfu nne, wote wamevishwa tayari kwa mazishi, na mapanga yao upande sahihi kabisa!

Dada kauliza mbona nimebadilika rangi. Nikasema chai ni ya moto.

Jumanne, 4 Machi

Nimepita kwenye dawati la Mchoraji mara saba. Ya nane kaniuliza natafuta nini. Chaja, nikasema. Nilikuwa nimeishika mkononi.

Ukigeuza tena, upanga unarudi kulia. Kwa hiyo ni kuchora upya kila shingo. Wiki tatu, labda nne. Na Mkubwa ameshatangaza tarehe.

Nani ataona kola? Ningeona mimi. Ningeona, ningeandika kurasa nne, na watu wangecheka mpaka washike mbavu.

Jumatano, 5 Machi

Sijasema. Kesho.

Alhamisi, 6 Machi

Mtu ameona. Mmoja wa wachezaji wa majaribio katuma picha, shingo imezungushiwa duara jekundu. Anauliza mbona jeshi letu limekufa kabla ya vita.

Mkubwa katoka chumbani kwake anafoka. Kaenda moja kwa moja kwa Mchoraji. Nani kageuza huu mchoro?

"Mimi."

Basi. Nilikuwa hatua tatu kutoka pale. Neno "geuza" nililitoa kwa mdomo, halimo kwenye fomu yoyote. Mkubwa akanigeukia: na wewe si ulisaini? Na mimi — naandika hapa kwa sababu sina pa kulitema — nikasema, "Mimi nilikagua silaha."

Nilikagua silaha! Nayameza maneno yangu tangu mchana, hayashuki.

Gemu limesogezwa mwezi mmoja. Mchoraji aje kesho kuchukua barua yake ya kufukuzwa kazi.

Nilimkimbilia kwenye ngazi. Mbona hukunitaja? Hakusimama. Alisema kola aliiona siku ileile, kabla hajabonyeza. Aliiona! Sasa mbona hukuniambia?

Hapo ndipo aliposimama.

"Nikuambie wewe? Lile gemu la ngome uliloliponda kwenye ukurasa wako, kofia zake nilichora mimi. Ulisema kweli, zilikuwa na makosa. Lakini uliandika aliyezichora ni mbumbumbu. Mama yangu alisoma. Akaniuliza kwa upole kabisa kama nimefikiria kazi nyingine. Mtu kama wewe akisema geuza, unageuza."

Nalikumbuka lile neno. Nilitafuta tusi la kuchekesha robo saa nzima. Nilijisikia fundi.

Ijumaa, 7 Machi

Saa tatu na nusu. Naandika kwenye simu, nimesimama koridoni. Nimegonga kwa Mkubwa. Kasema nisubiri. Nimekuja kumwambia nani alisema "geuza". Nimeyarudia maneno bafuni mpaka Dada kagonga mlango kuuliza naongea na nani.

Mchoraji katoka na barua yake. Amebeba kibao chake cha kuchorea, na mto wa kiti chini ya kwapa. Nimemwambia: usishuke, naingia kusema ni mimi.

"Sawa," kasema. "Na mbumbumbu?"

Nimeelewa. Ile makala bado ipo ukurasani kwangu. Imesomwa kuliko zote. Mkubwa aliisoma hata yeye, ndipo akaniita kazini. Chini yake kuna maoni elfu mbili ya watu wanaocheka. Nimeifungua sasa hivi. Kitufe cha kufuta kiko pale juu, kidogo, na kidole changu kiko juu yake.

Mlango umefunguka. Mkubwa anaita: Mkaguzi, ingia, sina siku nzima.

Nimesema dakika moja.

Anaita tena. Mchoraji bado amesimama, anaitazama simu yangu. Mto hajauweka chini.