G ya Baba

Lukuledi,
Jumanne, wiki ya tatu ya Kwaresima

Dada Veridiana,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Makote, wewe na wajukuu. Sisi tunapumua, ila magoti yananisumbua nikipanda ngazi za kanisa.

Juzi nilimkumbuka Baba akitufundisha nota jikoni, akigonga sufuria na kutuuliza imelia sauti gani. Wewe ulisema unaziona kwa rangi: F ni njano ya mabibo, G ni wekundu wa majani machanga ya mkorosho. Mimi niliziona kama kona za barabara ya kupanda Newala, kila sauti na kona yake. Baba alicheka, akasema rangi au kona ni mamoja, mradi tufike. Siku zile nazitamani.

Sasa parokia imepata kinanda, na anayekipiga ni binti mmoja, Furaha. Siku ya kwanza niliitolea kwaya G ya kuanzia kutoka kichwani, kama kawaida yangu. Akabonyeza G yake, zikagombana. Aliniambia kwa adabu kwamba mimi, mwalimu wa kwaya, nimeshuka nusu sauti. Nikamjibu kinanda chake kibovu. Kesho yake nikaenda Masasi, dukani kwa Nasibu, nikajaribu vinanda vitatu, vyote vikaigomea G yangu. Nasibu alinieleza kuwa hata mwalimu wake, alipozeeka, sauti zilimhama kichwani bila yeye kujua.

Dada, miaka sita iliyopita, kwenye mazoezi ya jubilei, ulitoa sauti nikakusimamisha mbele ya kwaya nzima, nikasema unapandisha mno sauti. Ulivua sare ukaikunja, ukaiacha juu ya benchi, na tangu hapo hujaimba. Ulikuwa sahihi. Ungekuwa uzee peke yake ningejitetea. Lakini siku ile waimbaji wa besi walishaninong'oneza kwamba ninawashusha mno, hawafiki chini huko. Nilijua kuna kitu. Niliogopa watu waseme mtoto wa mwalimu hana tena sikio la muziki, nikaona afadhali uaibike wewe.

Jumapili iliyopita niliwaambia wanakwaya yote haya na kuwaomba radhi. Yako naiomba hapa. Siku ya Pasaka nataka wewe utoe sauti, mimi nitakuwa nyuma kwa mabesi. Usipofika, tutaanza na kinanda, na sitakulaumu.

Wabusu wajukuu, uwaambie babu yao anawawaza.

Mdogo wako,
Silvesta