Kichuma cha Emali

Kanyangi, Kitui
Jumatatu, 10 Mei 1993

Kwa mtoto wangu Ndululu,

Habari ya wewe huko Emali? Na Mutie bwana yako, na hiyo kazi yake ya reli? Mimi niko. Goti limepoa kidogo, mbuzi ni wazima, mvua imekatika mapema lakini mbaazi zimesimama. Miguu yako je? Ile kufura imepungua? Usinifiche, tumbo la miezi saba si la kufichwa mama.

Sasa nikuambie. Jumamosi tulikuwa shamba la Kavata, kina mama wote wa chama chetu cha mwethya, tunamchimbia mitaro ya kuzuia udongo. Ilipokaribia saa tisa majembe yakalala chini bila mtu kusema. Unajua ni nini. Ni hadithi yetu ya redio, Kituo cha Nyotani. Mimi nilikuwa nimeanika betri juu ya mabati tangu asubuhi zikapata moto, na redio ikaongea mpaka mwisho. Rubani Tausi amemwambia mama yake kutoka huko mbali angani kwamba maji ya chombo yamebaki ndoo kumi, na mama yake akamwimbia ule wimbo wake wa kumtuliza. Kavata alilia mpaka kamasi. Nikamwambia, wewe pole pole, hii hadithi mimi na mwanangu tumeisikiliza tangu siku ya kwanza tukichagua maharagwe, umekuja juzi na unalia kuliko wenyewe.

Wewe huko unaisikiliza na nani? Ulisema mwenye nyumba wenu ana redio kubwa, huyo Mama Wangui. Sina neno na yeye. Nauliza tu.

Niambie nije lini. Unga wa wimbi wa uji wako nimeweka, na kiondo kipya nimesuka. Mama ya Mutie Mungu alimchukua, kwa hivyo wa kumuosha mtoto ni mimi, hakuna mwingine. Nijibu upesi.

Ni mimi mama yako.

*

Emali, Makueni
18 Mei 1993

Kwa mama yangu,

Pokea salamu zangu na za Mutie. Sisi hatujambo. Pole na goti, usibebe maji kwa mgongo tena.

Miguu bado imefura. Daktari wa zahanati amesema nilale, nisisimame sana. Lakini usiwe na wasiwasi, Mama Wangui amekuwa mama kweli. Jina lake ni Wariara, ametoka upande wa Nyeri zamani, ana duka hapo mbele. Asubuhi ananiletea uji, jioni ananipaka mafuta miguu. Jumamosi analeta kiti chake na redio mlangoni kwangu na tunasikiliza Kituo cha Nyotani pamoja. Anampenda Tausi kukushinda! Hata ule wimbo ameushika, ananiimbia akinipaka mafuta.

Kuhusu kuja, usijisumbue mapema, njia ni ndefu na goti lako ni hilo. Mama Wangui amesema hata mtoto akija ghafla, yeye yuko, amewaosha wengi.

Mwana wako,
Ndululu

*

Kanyangi
Jumatatu, 24 Mei 1993

Kwa mtoto wangu Ndululu,

Barua yako nimepata. Salamu nimepata. Mimi mwili ni mzima, roho ndiyo mgonjwa.

Umesikia ya Jumamosi? Najua umesikia, na najua uliketi na nani. Kumbe mama ya Tausi alikufa kitambo! Wiki kumi nzima aliyekuwa akisema kwa redio ya chombo, akiuliza mwanangu umekula, akiimba, ni mashine. Kichuma! Wakubwa wa kituo walikifundisha sauti ya marehemu ili rubani asife moyo. Ndululu, hapa kwetu ilikuwa kama mazishi. Mmoja alivua leso kichwani. Mwingine akasema tuombe, tukaomba, na katikati ya maombi nikakumbuka tunamwombea mtu wa redio.

Kisha Kavata akafungua mdomo. Eti, “Lakini si kilimwimbia? Si kilimwuliza kama amekula? Kazi ya mama kimefanya, mnakasirikia nini?” Nikamwambia, “Kavata, rudia hilo neno.” Akarudia. Nikachukua redio yangu nikaenda nayo nyumbani, wakabaki na majembe.

Kinachoniuma si kichuma. Kinachoniuma ni Tausi. Wiki kumi na hakujua! Mwana wangu, wewe ungejua?

Maana mimi ninasoma barua yako na ninaona. Uji, analeta yeye. Mafuta, anapaka yeye. Wimbo, ule wetu, anaimba yeye. Na mimi eti nisijisumbue. Ningekuwa huko ningekiambia hicho kichuma chako cha Emali kinachouza unga na mafuta ya taa: Ndululu ana mama. Hajafa. Yuko Kanyangi na ana redio yake. Mjukuu wangu usimguse. Ukitaka kuosha, osha sufuria zako.

Lakini usimwambie. Haya ni ya mimi na wewe, yasitoke katika hii karatasi.

Kina mama pia wameandika barua kwa hao watu wa redio, tukaweka vidole wote. Kivuva wa dukani ameniandikia bahasha zote mbili maana mambo ya anwani yananishinda, nami nimezibandika kwa uji, zinaenda pamoja leo. Jumatano huwa wanasoma barua za watu, lakini sisi hatusikii, betri ninaziweka za Jumamosi.

Ni mimi mama yako. Aliyekuzaa.

*

Kanyangi
21 Juni 1993

Kwa mtoto wangu Ndululu,

Uko mzima? Mutie ni mzima? Tumbo?

Wiki nne sasa. Kila siku ya soko ninasimama kwa Kivuva mpaka anaanza kusema “hakuna” nikiwa bado barabarani. Jana hata kanisani nilisikia jina lako katika wimbo usiokuwa na jina lako.

Kama ni yale maneno, niliandika na hasira. Unanijua. Hata Kavata nilimrudishia redio, tunasikiliza tena, ingawa Tausi sasa hataki kusema na mtu yeyote, amezima kila kitu, na kichuma kinamwita, kinamwita. Mimi nikikisikia kikiita ninatoka nje.

Mstari mmoja tu. Andika “niko”. Nitatosheka.

Mama.

*

Emali
25 Juni 1993

Kwa mama yangu,

Niko.

Mwaitu, mama yangu, ile bahasha yako ya Mei nilifungua nikapata barua ya kuomba mkuu wa kipindi amfufue mama ya Tausi, na vidole kumi na vinne vya wino. Nilicheka mpaka Mama Wangui akaja kuona ni nini. Tulicheka pamoja. Sikufikiria barua yangu imeenda wapi.

Jumatano tarehe tisa nilikuwa nimelala, mlango wazi, yeye kwenye kiti chake, redio katikati. Mtangazaji akasema, “Sasa barua ya mama mmoja wa Kanyangi aliyekasirika kweli kweli.” Nikapiga makofi. Nikamwambia Mama Wangui, “Sikia, ni kwetu!” Halafu akasoma, “Kwa mtoto wangu Ndululu.”

Alisoma yote. Unga na mafuta ya taa. Sufuria. Akasoma mpaka pale unaposema yasitoke katika hii karatasi, akacheka, akasema mama huyu amekichukia kichuma mpaka amekifungulia duka.

Mama Wangui aliamka, akazima redio, akabeba kiti chake akaingia kwake.

Siku tatu hakuja. Mutie alikuwa Kibwezi, wanatengeneza reli. Hakuna uji, hakuna maji. Nilijikokota mpaka kwa mtungi nikaanguka kwa magoti, nikabaki hapo nimeushika mpaka kichwa kikatulia. Nilikuchukia, mwaitu. Ndiyo sababu sikuandika. Ningeandika siku hizo ungepata barua mbaya kuliko yako.

Siku ya nne akasukuma mlango na mguu. Alikuwa na uji mkono mmoja na beseni jipya mkono wa pili. Beseni akaliinamisha kando ya ukuta. Akasema, “Hili si langu. Maji nitachota, moto nitawasha. Mwenye kuosha atoke Kanyangi.”

Nikaanza kumwomba msamaha kwa ajili yako. Akanikata, “Nyamaza wewe, kunywa uji. Wangui wangu ameenda Nakuru mwaka wa tano huu, hata kadi. Leo akiambiwa kuna msichana ninamchemshia uji, unafikiri atakasirika? Hata jina lako hataliuliza. Siku hiyo sikuzima redio kwa sababu ya matusi. Niliona wivu.”

Daktari anasema mtoto anaweza kuja kabla ya siku zake.

Uliniuliza kama ningejua. Mtangazaji alikuwa mwanaume, tena na sauti nzito ya Nairobi. Neno la tatu tu nilijua ni wewe.

Beseni bado limeinama. Njoo.

Mwana wako,
Ndululu

*

Kanyangi
Alhamisi, 1 Julai 1993

Mtoto wangu,

Salamu utanipa mwenyewe kwa mkono, leo niache.

Nilisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi chini hapo hapo kwa Kivuva. Nilitaka kumgombeza. Akaniambia, “Mama Ndululu, bahasha niliandika sawa, wa kutia ni wewe.” Mwandiko wake umeungana kama sisimizi, niliona Sanduku la Posta huku na Sanduku la Posta kule, nikasema ni hii. Na kumbe Kavata alisikia ile Jumatano kwa shemeji yake! Mwethya nzima wanajua wiki tatu sasa, wananitazama tu wakichimba. Nilimwuliza mbona hakuniambia. Akasema, “Ungechukua redio.”

Ulianguka kwa sababu ya mdomo wangu. Hilo sitaliandika, nitakuambia nikikushika.

Wivu bado ninao, sitakudanganya. Hata pale anapokuambia nyamaza, kunywa uji, nilisema, hayo maneno ni yangu, ameyatoa wapi. Kisha nikafikiria huyo mama na kile kiti chake, anakibeba, anaingia kwake, na hakuna mtu huko ndani.

Nakuja Jumanne, nikishapata wa kulala na mbuzi. Barua hii anakuletea Kisilu wa lori la mbuzi, anapita Emali kesho. Ninabeba wimbi, na viondo viwili. Cha pili nimekimaliza haraka, mdomo umepinda kidogo. Ni cha Mama Wangui. Mwambie kiti chake arudishe mlangoni, na kando yake aweke kingine. Maji achote. Moto awashe. Beseni asiliguse.

Redio ninamwachia Kavata.

Nikifika nitaita mara moja tu, hapo nje. Usiulize ni nani.

Mama yako.