Kifundo cha Kushoto

Hulugho, 9 Aprili 2024

Shemeji Diriye,

Asalaam aleikum. Mimi mzima. Dada yangu Hibo na watoto hawajambo huko Garissa? Ndugu yako Abdihafid tuko naye garini, anakula kama watu watatu. Mwambie mama asiwe na shaka.

Sasa hili gari ulilotengeneza. Jana nilikwama mchangani, nikavuta gia ya fobaifo ili magurudumu yote manne yavute, injini ikanguruma, magurudumu ya mbele yakaniangalia tu. Wallahi, ulilitengeneza na miraa mdomoni?

Shemeji yako,
Roba

Garissa, 14 Aprili 2024

Shemeji Roba,

Waaleikum salaam. Hibo mzima, anakucheka.

Gari halina ubaya, dereva ndiye mbovu. Gia inapeleka nguvu mbele, lakini kila gurudumu la mbele lina kifundo katikati. Kikiwa kimelegea, chuma kinazunguka ndani na gurudumu limelala. Shuka uvifunge kwa mkono, vyote viwili. Ukifunga kimoja tu, difu, ile inayogawa nguvu kulia na kushoto, inatupa nguvu upande uliolegea na hupati kitu. Kwenye lami vilegeze. Ukiacha lami, funga mapema, maana wenye bunduki hungoja penye mchanga mwingi.

Mama alimtia Abdihafid mkononi mwangu, nami nimemtia mkononi mwako.

Shemejio,
Diriye

Masalani, 2 Mei 2024

Diriye,

Sina salamu. Abdihafid amekufa.

Tulikuwa tunampeleka Ramlo, mke wa mwenye gari, hospitali akajifungue. Kabla ya mchanga nilifunga kifundo cha kulia, nikamwambia Abdihafid afunge cha kushoto. Kilikuwa kigumu, akakizungusha nusu, akasema tayari. Sikukagua. Ramlo alikuwa analia nyuma.

Walitupiga risasi ndani ya laga, pale mto ulipokauka. Kioo kikanipasukia usoni. Ramlo akapigwa begani. Nikavuta gia, mbele kukalala. Abdihafid akasema, "Ni upande wangu," akashuka. Nikamsikia anagonga kifundo kwa jiwe. Risasi ikamchana shingo, damu ikaruka kwenye boneti, naye bado anagonga. Kisha akapiga boneti kofi: nenda.

Gari likatoka. Nikaenda, Diriye. Kwenye kioo cha pembeni niliona wakimfikia. Tuliporudi na askari hakuwa na uso. Tumemzika hapa.

Ramlo amejifungua, yeye na mtoto wote wawili wako hai. Niruhusu nije kwa mama.

Roba

Garissa, 20 Mei 2024

Roba,

Waaleikum salaam, hata kama hukunisalimu. Mama ameanza kula kidogo.

Gari limeletwa kwangu. Kifundo cha kulia nimekilegeza. Cha kushoto kimepondwa na jiwe, kimeganda kikiwa kimefungwa. Mwenye gari anataka kipya. Nimekataa hata kukiosha.

Najua ungesimama mngekufa wote. Kichwa changu kinajua, mkono haujui. Juzi mtu alitaja jina lako hapa gereji, nikampiga spana ya mdomo, meno yakatoka. Hibo alinishika akilia.

Usije Garissa mpaka nikuite. Nisipokuita, usije.

Kaka yake Abdihafid,
Diriye