Maua ya Kukatwa Kila Asubuhi

Malindi, 9 Novemba 1986

Mama Kazungu,

Huu ni mwezi wa nane tangu nitoke Bamba. Mpe baba shikamoo yangu. Mimi mzima, ila mgongo unauma na sima ya hapa hotelini ina mchanga.

Uliniambia nyuki wameihama mizinga ya baba, kwa kuwa kichaka kimekatwa kuchoma makaa na maua ya vuli hakuna tena. Ndipo nikapanda yale ya manjano ya porini katika bustani ya hoteli ninayoitunza, nikuletee mbegu. Juzi yalichanua, nyuki wakajaa.

Mgeni mmoja akakuta nyuki ndani ya maji yake ya machungwa, akapiga kelele. Awadh, msimamizi wetu, akanipa mkasi.

"Kila asubuhi kata ua lililofunguka. Bakisha majani."

"Na mbegu itatoka wapi?"

"Mgeni kalipia jua, Nzai. Nyuki hakuagiza."

Wenzangu wakacheka. Hao ni watu wa kwetu, wamelelewa kwa asali. Kicheko chao kimenichefua kuliko mkasi. Nilikata jana tu, nyuki wakitambaa mikononi mwangu wakitafuta, nikatema mate.

Leo nimeacha kazi. Nimeing'oa miche yote na mizizi yake, nimeifunga katika gunia lililoloa. Barua hii na gunia anakuletea Mwambire, anayerudi Bamba leo. Chimba mashimo karibu na mizinga uipande, maadamu mvua ingalipo. Nitafika Jumamosi kwa basi la mchana.

Mumeo,
Nzai